Kisanduku cha Mengineyo

Walininunulia kishikwambi na kiti cha magurudumu,
wakanipa cheo: Afisa Maarifa.
Bi Aikande aliposikia alicheka mpaka akaegemea mashine.
"Maarifa nayo yamepata afisa!
Basi yapange foleni, yaandikishwe."

Kiwanda chetu kiko nyuma ya reli, hapa Moshi,
pale ambapo vumbi la maganda ya kahawa
hukusalimu kabla ya mlinzi.
Mwaka alipofariki fundi Ndewirwa
mashine namba tatu iligoma siku kumi na tisa.
Hakuna aliyejua ile kabari yake ya mringaringa
aliichomeka wapi, wala kwa nini.
Tulikuwa tumemzika pamoja na kitabu cha maelekezo
ambacho hakuwahi kukiandika.
Ndipo meneja akaagiza mfumo.

Mfumo una visanduku.
Jina la kifaa. Tarehe. Hitilafu. Hatua iliyochukuliwa.
Na chini kabisa, kama mtoto wa kufikia,
Mengineyo: herufi mia mbili, basi.

Nilikaa naye kuanzia Agosti.
Nikamuuliza, unajuaje beringi inakaribia kufa?
Akavua kiatu.
Akakanyaga sakafu, akafumba jicho moja,
kama mtu anayesikiliza ugomvi wa chumba cha pili.
"Hapa, chini ya kidole gumba. Vua na wewe."
Nilivua. Nikaambulia baridi ya saruji.
Siku ya tisa ndipo kilipokuja kitu,
kidogo, kizito, cha chini kwa chini.
Nikaandika: mtetemo. Nikafuta.
Nikaandika: paka anakoroma ndani ya gunia,
kidole gumba, mguu wa kulia.
Kisanduku kikakubali.

Kahawa ikishuka kutoka Kibosho anang'ata punje.
Kipima unyevu kinasema kumi na moja nukta nne,
yeye anatema, anasema, "Bado. Irudi juani."
Mara nyingi meno yalishinda.
Lakini Novemba, shehena ya Uru,
kipimo kilisema mbichi, Aikande akasema imekauka,
tukafuata meno,
na magunia arobaini yakaota ukungu.

Siku ile sikuandika. Vidole vilikuwa juu ya kioo, vimekufa ganzi.
Yeye ndiye aliyenifuata wakati wa chai:
"Mbona kweupe? Andika Aikande alikosea.
Andika na sababu. Mvua za siku hizi hazina adabu,
zinaingia mwezi wa kuanika bila kubisha hodi,
na meno yangu haya yalisomea mvua ya zamani."

Herufi mia mbili zikaishia kwenye neno "adabu".
Nikampigia Lemburis, kijana wa mfumo, yuko Arusha,
nikamwomba anipanulie Mengineyo.
"Mpaka wapi?"
Sijui, nikamwambia. Huko chini acha wazi.

Februari alistaafu. Wakampa saa ya ukutani.
Meneja alihutubia juu ya mabadiliko, dakika ishirini na tano,
na Aikande akaitazama ile saa, akaitikisa,
akaisogeza sikioni.

Juzi, zamu ya usiku, umeme umekatika ukarudi,
nikamkuta Mbonea, mgeni wetu kutoka Same,
amesimama mbele ya namba tatu,
kishikwambi kwapani,
kiatu kimoja mkononi, soksi imetoboka,
uso umekunjamana kama wa mtu anayekumbuka deni.
"Dada," akasema, "nimesoma, nimefika pale kwenye paka.
Lakini mbona mimi nawasikia wawili?"

Nikavua kiatu.